Bwawa linatoa jasho

Kikundi: BONDENI JUU NA CHINI 🌾

06:41 Mwl Zuwena: Assalaam alaykum jamani. Napita na watoto kwenda skuli hapa chini ya bwawa naona pahala pametota, si umande, nimetia kidole maji yanatoka. Picha hizo

06:41 Mwl Zuwena: 📷 📷

06:44 Salum Boda: Waalaykum salaam. Mvua ya jana usiku hiyo ticha kila pahala pametota hata kitandani kwangu 😂

06:46 Mwl Zuwena: Salum mie nimezaliwa hapa, pahala palipotota kwa mvua napajua. Hapa kuna kitundu kama cha kidole na maji yanachuruzika kama mfereji usiofungwa vizuri

06:52 Ami Khamis: Bwawa hilo lipo kabla nyinyi hamjazaliwa na halijafanya lolote. Tusitishane asubuhi asubuhi

06:58 Bi Mwanakhamis: (mjukuu naandika) bibi anasema nyumba iliyo chini ya bwawa ni yake si ya Khamis kwahivyo yeye mtisheni tu hana neno

07:03 Fatma Unguja: Khamis ndo zake. Omar upo? Wewe uko saiti za matuta na mabarabara miaka yote hii hebu zitazame picha

07:19 Omar Greda: Nipo dada. Ticha nijibu kitu kimoja tu, maji yanayotoka meupe au yana tope?

07:20 Mwl Zuwena: Sasa ntajuaje hapa kila kitu tope

07:26 Omar Greda: Basi mtu achukue chupa ya maji safi, ile ya lita 1 na nusu, achomeke kipande cha paipu kwenye kitundu taratibu bila kuchokoa, akinge, ahesabu sekunde mpaka ijae kisha aitazame mbele ya karatasi nyeupe ya daftari, halafu aiache itulie saa nzima aone chini kimekaa nini. Bwawa lolote la udongo linatoa jasho hilo si ajabu, udongo si beseni la plastiki. Jasho likiwa jeupe na halizidi unaliangalia tu. Likitoka na udongo ujue tuta linaliwa kwa ndani, lile tope ndo tuta lenyewe linatoka kidogo kidogo, na kitundu kinarudi nyuma kinayafuata maji mpaka kikutane nayo

07:27 Salum Boda: Nakwenda na chupa

07:29 Ami Khamis: Chupa ya nini. Nakwenda na polo la udongo wa mfinyanzi nikizibe tumalize

07:29 Omar Greda: AMI USIZIBE

07:33 Omar Greda: Samahani kwa herufi kubwa ami yangu. Ukiziba huku nje maji hayarudi yalikotoka, yanabaki ndani ya tuta yanalilowesha na kutafuta pengine pa kutokea, pengine pabaya zaidi. Pakizidi panawekwa mchanga safi kwanza, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite udongo ubaki. Kama kifumbu, tui linapita chicha inabaki

07:36 Bi Mwanakhamis: bibi anasema angalau huyu kifumbu anakijua

08:12 Salum Boda: Nshafika. Sekunde 64 chupa imejaa. Maji si meupe sana si tope, rangi kama ya chai ya rangi uliyoitia maji mengi. Nimeiacha juu ya jiwe itulie

08:14 Salum Boda: Ila kuna jengine. Nimepanda juu ya tuta, toka maji mpaka mgongoni shubiri mbili tu!! Na pale ng'ombe wanapovukia pamebonyea hata shubiri moja haifiki

08:15 Omar Greda: Haiwezekani, utoro unafanya kazi gani?

08:16 Fatma Unguja: Utoro ndo nini

08:17 Omar Greda: Ule mfereji wa pembeni unaoyatorosha maji yakijaa ili yasipande juu ya tuta

08:19 Salum Boda: Umezibwa. Mapolo ya mchanga safu tatu na wavu juu yake, naona mtu anafuga perege 😂

08:19 Mwl Zuwena: Nani katia mapolo kwenye utoro???

08:24 *Ami Khamis amefuta ujumbe huu*

08:26 *Ami Khamis amefuta ujumbe huu*

08:31 Ami Khamis: Nimetia mimi. Vuli iliyopita mvua hamkuiona? Mpunga wa watu umekauka ukiwa na mimba, wangu na wako Zuwena na wa mamaako. Nikasema safari hii masika tuyazuie maji mengi zaidi yatufae. Wavu si wangu

08:33 Mwl Zuwena: Ami nia njema lakini ungesema

08:34 Ami Khamis: Nilisema hapa kikundini hamkunijibu mlikuwa mnatumiana picha za arusi

*(Nimetafuta juu, kweli alisema. Watu wakatia 👍 wakapita. Na mimi. Zuwena)*

08:41 Omar Greda: Sikilizeni, hilo la utoro kwangu ni kubwa kuliko kitundu. Tuta la udongo halijengwi lipitiwe na maji juu. Yakipita mgongoni yatakwenda pale palipobonyea kwa ng'ombe, hapana hata jani, yatachimba, na yakishachimba shubiri moja hayasimami tena. Tuta dogo kama letu linataka libakiwe na kama mita 1 juu ya maji, nyinyi mna shubiri

08:43 Fatma Unguja: Na mie nakumbuka lile la Solai kule Nakuru Kenya, Mei 2018, bwawa la udongo la shambani, mvua za masika hizihizi, likapasuka usiku watu wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa

08:44 Salum Boda: Letu si kubwa hivyo lakini

08:47 Omar Greda: Si kubwa, lakini piga hesabu. Mita 60 kwa 40 na kina tuseme mita 1 na nusu wastani, hiyo ni mita za ujazo 3,600. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Malori 360 ya tani kumi kumi yamesimama juu ya nyumba ya bibi

08:49 Bi Mwanakhamis: nimemsomea bibi. Kanyamaza

08:55 Ami Khamis: Basi tukutane Jumamosi watu wote tuyatoe mapolo tule na pilau

08:59 Omar Greda: Leo ami. Marekani kuna bwawa kubwa la udongo likiitwa Teton, jipya kabisa wahandisi tele, tarehe 5 Juni 1976 asubuhi waliona maji yanavuja pembeni, wakaleta matingatinga kusukuma udongo kwenye tundu, tundu likameza na matingatinga. Kabla ya adhuhuri tuta limekwenda. Sisi tingatinga hatuna tuna Salum

09:00 Salum Boda: 😂😂 nipo

09:06 Omar Greda: Ila msiyang'oe mapolo yote kwa mpigo. Safu moja, mungoje, kisha nyengine. Maji yakishuka ghafla ule ubavu wa ndani bado umelowa una uzito na hakuna maji ya kuuegemea, unamomonyoka. Na utoro wenyewe utachimbika

10:20 Sheha: Nimeisoma yote. Ofisi nshaipigia simu wameniambia mhandisi atakuja keshokutwa. Wale wa nyumba nne za chini leo walale juu, chumba cha chuo kipo wazi. Wanaume tukutane utoroni baada ya sala ya adhuhuri na majembe. Ng'ombe wasipite tutani mpaka nitakaposema

13:58 Salum Boda: Safu moja imetoka. Jamani chupa ya asubuhi imetulia, chini kuna udongo unene wa ukucha

14:00 Omar Greda: Leteni mchanga na kokoto hapo kitunduni. Tuta limeanza kuliwa

14:09 Mwl Zuwena: Nilijua tu, ni ile migomba ya Ami tutani. Mizizi!

14:11 Ami Khamis: Migomba yangu iko upande wa kaskazini na kitundu kiko huku. Salum simama kwenye kitundu utazame juu useme unaona nini

14:15 Salum Boda: Naona kisiki

14:15 Ami Khamis: Kisiki cha nini

14:16 Salum Boda: Cha ule muembe mkubwa 🙈

14:18 Ami Khamis: Ahsante. Muembe mlioukata nyinyi kikao kizima miaka mitatu nyuma mkasema miti haitakiwi juu ya bwawa. Mie nilikataa nikaitwa mbishi. Kuni mkauza mkanunua sufuria za maulidi

14:24 Omar Greda: Duh. Kweli miti haitakiwi tutani, mche mdogo unaung'oa na mizizi yake unajaza udongo unashindilia umemaliza. Mti mkubwa ukiukata juu ukaacha shina, mizizi inakufa inaoza, na pale mzizi ulipopita panabaki bomba tupu ndani ya tuta. Ulitakiwa uchimbwe kiangazi maji yakiwa chini kabisa, ufukue mizizi minene yote, kisha urudishe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 15 unashindilia, jengine tena unashindilia, mpaka juu. Msikiguse kisiki sasa hivi

14:26 Mwl Zuwena: Ami nisamehe. Kikao kile aliyeandika kumbukumbu ni mimi

14:27 Ami Khamis: Nshasamehe. Na migomba ntaing'oa maana najua hiyo ndo inayofuata

17:35 Salum Boda: Safu ya pili imetoka, maji yameshuka mkono mmoja. Tumeweka mchanga, kokoto, mawe kama alivyosema Omar. Chupa sasa sekunde 97

17:37 Omar Greda: Vizuri, maji yakishuka msukumo unapungua. Pima tena Isha, na alfajiri. Chomeka kijiti chenye alama kwenye ukingo wa maji. Ikirudi chini ya 64 au ikija na tope usiandike hapa, piga kelele kwanza

18:50 Fatma Unguja: Bibi keshatoka?

18:55 Bi Mwanakhamis: anasema hatoki bila mbuzi

18:56 Sheha: Aje na mbuzi

05:48 Salum Boda: Alhamdulillah. Safu ya tatu tumeitoa saa nne usiku na mvua juu. Sekunde 118. Chupa ya Isha imetulia chini hamna kitu, vumbi tu la kupangusa kwa kidole

05:50 Mwl Zuwena: 🤲🤲

05:53 Ami Khamis: Mapolo yangu naona pungufu mawili. Aliyechukua arudishe

06:10 Bi Mwanakhamis: bibi kaamka mbuzi kala mswala wa chuo. Na anauliza zile sufuria za maulidi ziko kwa nani