Mafundi wa pikipiki za theluji, pistoni zinatoboka bure kwa sababu kranki hampimi!

Wakuu, hili jambo limezidi. Injini ya mapigo mawili inaingia gereji ikiwa na pistoni iliyotoboka upande wa klachi (kule mkanda unapopokea nguvu ya injini). Inatoka na pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya na bili ndefu. Haimalizi hata tangi tatu za mafuta, silinda ileile imetoboa tena. Fundi anasema petroli ni mbovu, au mwenye chombo anavuta sana mafuta. Kranki yenyewe (mhimili unaozungushwa na pistoni) hajaigusa, na dayo geji (saa ya kupimia vijisogeo vidogo) haijatoka kwenye boksi.

Kranki ya injini hizi si chuma kimoja kama ya gari. Ni mashavu na pini zilizosukumwa kwa presi, na kinachozishikilia ni kule kubanana tu. Mkanda wa klachi ukikatika kwa mwendo mkali ukajisokota, au pistoni ikanata ghafla, klachi nzito upande mmoja na flaiwili (gurudumu zito) upande wa pili bado zinataka kuzunguka, huku katikati pamekwama. Hapo pini inateleza ndani ya shavu digrii moja au mbili. Kwa macho huoni kitu. Injini inawaka na inatembea, ila mtetemo umeongezeka.

Kipimo chake hakihitaji hata kufungua injini. Toa plagi zote, funga sahani ya digrii upande wa flaiwili, weka dayo geji kwenye tundu la plagi. (Tundu likiwa limelala upande, fungua silinda hedi, la sivyo geji itakudanganya.) Wengi wanakosea kwa kutafuta kilele cha pistoni kwa kuangalia sindano inaposimama. Pale juu pistoni inakaa digrii kadhaa bila kusogea, kwa hiyo namba unayopata ni ya kubahatisha. Soma digrii pistoni ikiwa imebakiza milimita 2 kufika juu, endelea kuzungusha upande uleule hadi iwe imeshuka milimita 2, soma tena, kisha tafuta katikati ya hizo mbili. Silinda ya flaiwili uiweke iwe sifuri. Kwenye injini ya silinda mbili zinazopokezana, ya pili lazima iangukie 180. Ukisoma 164.5 na 199.5, katikati yake ni 182: kranki imejisokota digrii 2. Injini ya silinda tatu utatafuta 120 na 240.

Sasa fikirieni hizo digrii 2 zinafanya nini. Taimingi (wakati wa cheche kuruka) inasomwa kwenye flaiwili. Pistoni ya upande wa klachi inachelewa kufika juu digrii 2, lakini cheche yake inaruka saa ileile ya zamani. Kwa silinda hiyo peke yake ni kama umetanguliza taimingi. Inagonga, joto linapanda, kichwa cha pistoni kinayeyuka. Hata uweke pistoni kumi!

Kipimo cha pili ni kupinda kwa kranki. Vua klachi kwa pula yake, gusisha dayo geji kwenye ncha ya kranki, zungusha mzunguko mzima. Upande wa flaiwili fanya vivyo hivyo. Kikomo kinatajwa kwenye kitabu cha injini yenyewe, ila ukiona imevuka milimita 0.05 anza kuwa na wasiwasi. Na kumbukeni ncha zinaweza kusoma vizuri huku katikati pamepinda, kwa sababu beringi zimeishikilia ndani ya kesi (nyumba ya chuma ya kranki). Ukitaka ukweli wote, itoe kranki, iweke juu ya vibloku vya V, upime na katikati.

Konrodi (fito inayounganisha pistoni na kranki): kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, ipo fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) kwa kazi hiyo. Kucheza juu-chini ni marufuku. Ishike konrodi pistoni ikiwa juu, ivute na uisukume. Ukisikia "tak", beringi ya chini imekwisha.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kranki zinazouzwa kama "zimefanyiwa ukarabati". Konrodi mpya zinang'aa, beringi zimepakwa mafuta, lakini karatasi ya vipimo hakuna. Muulize muuzaji ncha zinasoma ngapi, anakujibu kwamba iko sawa. Sawa ni milimita ngapi? Kranki iliyotoka kwenye presi bila kunyooshwa kwa nyundo ya shaba na kupimwa tena na tena ni chuma chakavu kilichosafishwa.

PiniNaShavu:
Mkuu umegusa penyewe. Niongeze chanzo ambacho watu hawakisemi: maji. Chombo kinaegeshwa majira yote ya joto, unyevu unatulia chini ya kesi, roli za beringi zinaota kutu kama madoa ya pilipili manga. Msimu ukianza, yale madoa yanachimba njia ya beringi, keji (kishikio cha roli) inavunjika, vipande vinapanda kwenye pistoni. Mafuta ya kuhifadhia injini yapuliziwe kabla ya kuegesha, injini ikiwa inaunguruma, sio baada ya kupoa.

Na beringi ikishavunjika, osheni kila kitu: kesi, njia za mafuta, ridi vovu (vali ya kuingizia mchanganyiko), hadi ekzosi. Kipande kilichobaki kwenye ekzosi kinaweza kurudishwa na mawimbi ya moshi hadi ndani ya silinda.

Fila_Geji:
Mimi nabisha kidogo, ndugu. Sio kila pistoni iliyotoboka ni kranki. Sili ya kranki (mpira unaoziba hewa kwenye ncha zake) ikivuja inaingiza hewa, mchanganyiko unapungua mafuta, pistoni inayeyuka vilevile. Ziba ingio na ekzosi, jaza hewa bar 0.4 (usivuke 0.5, utazisukuma sili nje), halafu paka maji ya sabuni. Dakika chache tu unajua mbivu na mbichi. Dawa ya kujisokota nayo ipo: pini zichomelewe.

Mwanzisha uzi:
Kweli kabisa ndugu, kipimo cha hewa kiwe cha kwanza, na hicho nacho mafundi wanakiruka! Kuchomelea nakubali kwa sharti: kranki inyooshwe kwanza, ipimwe, ndipo yachomelewe madoa madogo yanayotazamana, ipoe, ipimwe upya, maana joto linavuta chuma. Anayechomelea kranki iliyopinda ameufungia ubovu ndani. Na ukishachomelea, kubadilisha konrodi siku nyingine ni kazi ya kusaga kwanza.

Kwenye kurudisha kranki ndani ya kesi pia kuna uzembe. Beringi za nje zina vipini vidogo vya kuzizuia zisizunguke, navyo vina nafasi zake kwenye kesi. Kipini kikikaa pembeni ya tundu lake, fundi anakaza boliti, kesi inafunga kwa shida, beringi inabanwa inapasuka. Kesi mbili zikutane kwa mkono kabla ya boliti hata moja kukazwa. Zisipokutana, fungua utazame. Koni ya klachi (ncha ya kranki iliyochongoka inayoishika klachi) nayo ifutwe ikauke, hakuna grisi wala mafuta. Na klachi iliyopoteza uwiano ikirudishwa ilivyo, mtetemo wake utaila beringi ya upande huo kabla msimu haujaisha.

Kwa hiyo mwenye chombo, kabla hujalipa dai namba nne kwa maandishi: ncha ya klachi, ncha ya flaiwili, katikati, na digrii kati ya silinda. Fundi akikosa hata moja, kranki haijapimwa, usiichukue.