Kwa nini tunatega madema hata mahali pasipo na mitambo ya upepo?

MwanaMkokotoni:
Habari zenu ndugu. Naishi Hull, Uingereza, na tangu Mei nimo kwenye boti inayosaidia watafiti kuhesabu kamba (wale wakubwa wenye magando, lobster) na kaa karibu na mitambo ya umeme wa upepo baharini. Baba yangu ni mtu wa madema, yaani mitego ya kuzamisha baharini, kwa hiyo kutega na kuopoa nimekulia humo.

Kamba wa huku ana magando mazito, rangi yake buluu inayokaribia weusi. Kila mmoja nampima gamba, kuanzia nyuma ya tundu la jicho hadi mwisho wa gamba la mgongo. Anayeruhusiwa kuuzwa huanzia milimita 87. Naandika dume au jike, ana mayai au hana, gando zima au limekatika, kisha namrudisha majini hata awe mkubwa vipi. Juzi nilishika jike aliyejaa mayai chini ya mkia, meusi, yameshikana kama kashata za ufuta. Nilimshusha kwa mikono miwili.

Sasa swali. Nusu ya siku tunakwenda mbali, hakuna mtambo hata mmoja, tunatega madema yale yale kwa chambo kile kile. Mafuta yanateketea. Tena madema yetu hayana tundu la kutokea wadogo, wakati ya wavuvi yanalo. Nahodha akiulizwa husema "andika tu". Baba ameniuliza kwenye simu: kamba wameongezeka au wamepungua? Nilikosa jibu.

DadaWaTanga:
Mdogo wangu, huko mbali unakokwenda ndiko kunakoipa kazi yako maana. Mimi nilisomea Rhode Island, Marekani. Kamba wa kusini mwa New England, pwani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, walianza kupungua mwishoni mwa miaka ya 1990, maji yakizidi joto. Mitambo mitano ya upepo ya Block Island, kisiwa cha huko Rhode Island, ilianza kutoa umeme 2016. Mtu angeanza kuhesabu mwaka huo tu, angeapa kwamba mitambo ndiyo iliyowamaliza! Ndiyo maana wavu wa kukokota ulianza kuvutwa pale 2012, kabla ya ujenzi, ukaendelea hadi 2019, ndani ya eneo na nje yake. Wakipungua kote kuwili, tafuta sababu baharini kwenyewe. Wakipungua upande mmoja, hapo iulize mitambo.

Na hao wadogo usiwadharau. Ndio watakaovuliwa miaka ijayo, na dema lenye tundu lingewaficha.

Pwani_Grimsby:
Naongeza la hapo kwenu Yorkshire. Eneo la mitambo ya upepo la Westermost Rough lina mitambo 35, kama kilomita 8 kutoka ufukweni. Wakati wa ujenzi wavuvi walizuiwa kuingia. Eneo lilipofunguliwa 2015, kamba walikutwa wengi na wakubwa kuliko kabla ya ujenzi. Madema yaliporudi, wakubwa wakapungua tena. Kwa hiyo baba yako mwambie hivi: bahari ilipumzishwa, kamba wakanufaika. Chuma peke yake hakikuzaa kamba.

DadaWaTanga:
Kweli kabisa. Kule Block Island nako, aina moja ya samaki mweusi wa jamii ya chewa iliongezeka karibu na nguzo, maana zimejaa kome na ni kama mwamba kwake. Lakini kuongezeka pale kunaweza kuwa kukusanyika tu, wametoka jirani. Hilo wavu peke yake haulijibu.

MwanaMkokotoni:
Ahsanteni sana, dada na kaka. Basi kuna jambo linanikera. Wiki iliyopita upepo ulituzuia bandarini, madema ya upande wa mitambo yakakaa majini siku mbili zaidi. Nahodha aliniambia niandike kama kawaida, nikaandika. Ina neno?

DadaWaTanga:
Ina neno kubwa. Dema lililolala siku nyingi haliwezi kulinganishwa na la usiku mmoja, na hilo lenu lilikaa upande mmoja tu. Andika saa ya kutega na saa ya kuopoa, kisha wajulishe watafiti leo leo, usingoje waulize.

MwanaMkokotoni:
Nimewapigia. Wamesema mistari 30 niliyoandika ya madema hayo wataiwekea alama, na kesho wananipa karatasi yenye safu ya saa.