Mrututu, dawa ya povu au polikwati: ipi inafaa kuzuia mwani wakati unatibu chuma kwenye bwawa la nyumbani?

Kisima_Kigamboni
Wakuu habari za jioni. Bwawa la nyumbani, mita 8 kwa 4, kina wastani mita 1.4, kama lita elfu 45 hivi, filta ya mchanga. Tulijaza maji ya kisima yakiwa meupe kabisa, usiku nikatia klorini ya unga, dakika kumi hazijaisha maji yamekuwa kijani kama soda ya ndimu, asubuhi yakawa kama chai ya rangi na kwenye ngazi pameshika madoa ya kahawia ambayo brashi haiyagusi. Nimeambiwa ni chuma nitibu kwa vitamini C, ila wakati huo klorini inatakiwa iwe sifuri, sasa kwa joto hili la Dar bwawa likae siku tatu bila klorini si litaota mwani? Fundi wangu anataka mrututu, dukani wamenipa dawa ya povu ya bei nafuu (ile ya kuua mwani inayotoa povu), jirani anasema polikwati, nayo ni dawa ya kuua mwani. Naomba aliyefanya kwa mikono yake aniambie ipi, na inaingia lini.

FundiMabwawa
Mkuu mrututu usiweke, nakusihi. Mrututu ni chumvi ya shaba, yaani unatoa madini kwa mlango huu unaingiza mengine kwa mlango ule. Piga hesabu, robo ya uzito wake ni shaba, ukitia gramu 200 kwenye lita elfu 45 umeshafika miligramu 1 na ushee kwa lita, na ikishapita kama 0.3 hivi, pH (kipimo cha asidi na alkali majini) ikipanda kidogo tu madoa yanaanza. Tena shaba haiishi kama klorini, jua haliiondoi, kila wiki unajumlisha juu ya ile ya wiki iliyopita mpaka siku umwage maji au igandie ukutani.

MamaNyali
Namuunga mkono fundi. Kwetu hapa Nyali kijana wa bwawa alikuwa akitia mrututu kila Ijumaa kwa kukisia na kikopo, maji yaling'aa kweli na sisi tukafurahi, mpaka mamangu aliyekuja kukaa nasi likizo akatoka majini mvi zake zina ukijani. Nilimuosha mara tatu siku hiyo na haukutoka. Plasta nayo ikashika rangi ya samawati iliyokoza karibu na matundu ya kurudishia maji, na hayo madoa ya shaba vitamini C haikuyaweza vile ilivyoyaweza ya chuma.

mzee_wa_filta
Nisikilizeni na mimi. Nimetumia mrututu miaka mingi Moshi na sijaona doa hata moja. Maji yangu ni ya bomba, hayana chuma, pH naiweka 7.4, na napima shaba kabla sijaongeza. Kwa hiyo msiseme ni sumu ya mabwawa yote.

FundiMabwawa
Mzee shikamoo, hilo nakubali kabisa, kwa maji yako na kwa kupima ni sawa. Yeye maji yake yana chuma tayari na madoa yameshatoka, hapo haifai.

Sadala_Tanga
Hiyo dawa ya povu mimi niliinunua kwa sababu ya bei. Mwani inaua, uongo sina, na haina shaba, lakini filta ikiwaka povu linafunika kona nzima kama sabuni ya kufulia, watoto wanalichezea na mimi sitaki wameze. Halafu klorini inaila haraka, wiki haijaisha unanunua nyingine, kwa hiyo unafuu wenyewe wa dukani tu.

Rehema_puli
Kaka wa Kigamboni, mimi nilipitia hayo hayo mwaka jana, na kwa hali yako ni polikwati. Ni ghali, sifichi, ila haina madini, haitoi povu na madoa haiweki. Soma lebo, tafuta iliyoandikwa asilimia 60, maana kuna za bei ya chini ambazo zimezimuliwa na chupa zinafanana.

Kabla ya yote hakikisha ni chuma. Chukua kidonge cha vitamini C, kibane kwenye doa kwa dakika moja, doa likififia ni chuma. Lisipofifia tia klorini kidogo pale pale, likitoka ni la majani (kama una mti wa mkungu karibu na bwawa utanielewa). Na maji ya kijani ambayo sakafu bado unaiona ni madini, ya kijani yenye ukungu na kuta zinateleza ndiyo mwani.

Sasa mpangilio, hapa ndipo wengi wanaharibu. Acha klorini ishuke yenyewe mpaka sifuri, pH iwe 7.2, tia polikwati kwa kipimo cha lebo, pampu izunguke. Polikwati usiitie wakati klorini iko juu kwa sababu nayo italiwa. Kesho yake unga wa asidi ya askobiki, ndiyo hiyo vitamini C, kwa bwawa lako anza na nusu kilo, nyunyiza penye madoa. Madoa yakiondoka chuma hakijaenda popote, kimerudi majini, kwa hiyo siku inayofuata tia dawa ya kufunga madini. Klorini irudishe kidogo kidogo, ya maji, jioni. Mwanzoni itapotea kwa sababu vitamini C iliyobaki inaimaliza, usishtuke ukamimina ndoo nzima, ukifanya hivyo madoa yanarudi usiku huo huo. Na tafadhali klorini na huo unga visikutane kwenye ndoo moja.

mzee_wa_filta
Dawa ya kufunga haiondoi chuma, inakishikilia tu, na klorini inaivunja taratibu, utaongeza kila mara. Maji ya kuongezea pitisha kwanza kwenye simtanki, tia klorini, yalale siku mbili chuma kishuke chini, uvute ya juu. Au nunua boza la maji ya bomba.

Kisima_Kigamboni
Wakuu narudi na majibu, imepita siku kumi na moja. Kidonge kilifanya kazi, kwenye ngazi ya pili pakabaki duara jeupe la ukubwa wa sarafu, mke wangu ndiye aliyeliona kwanza. Nikatia polikwati, kesho yake unga, nusu kilo haikutosha nikaongeza gramu 100, kama nusu saa hivi ngazi zote zikarudi rangi yake. Siku tatu bila klorini palianza kuteleza sehemu moja tu nyuma ya ngazi ambapo maji hayazunguki, nikapasugua na hapajarudi. Klorini ilinisumbua siku mbili za mwanzo, natia jioni asubuhi hamna, sasa imetulia. Dawa ya povu nimeirudisha dukani wamekubali kunibadilishia. Maji ya kuongezea nachukua boza, simtanki naweka mwisho wa mwezi. Dada Rehema ahsante sana.

Rehema_puli
Karibu kaka. pH usiiache ipande wiki mbili hizi, pima kila siku.