Mtoto anachekwa meno shuleni, naomba taratibu za uhamisho

Mama wa Nzuguni
Wakuu habari za jioni. Tulihamia Dodoma mwezi wa kwanza tukitokea Singida vijijini. Kijana wangu yuko darasa la sita. Meno yake yana rangi ya kahawia, shuleni wamembandika jina la "Kutu". Siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, hata hapa nyumbani. Mwanzoni alikuwa anagoma kwenda, sasa ametulia, jioni anarudi na soda na karanga. Nataka kumpeleka bweni Morogoro. Naomba taratibu tu.

Kinywa Salama
Pole mama. Hayo ni madoa ya floridi iliyozidi kwenye maji ya visima. Huingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, kwa hiyo si uchafu. Usimsugue kwa mkaa, majivu wala ndimu, utakwangua ganda la jino na maji ya baridi yataanza kumuuma. Daktari wa meno anaweza kuondoa tabaka jembamba la juu au kufunika kwa dawa ya rangi ya jino. Muulizie yale manne ya mbele juu, ndiyo yanayoonekana akiongea. Na mtoto awe na jibu fupi mdomoni: "Ni maji ya kwetu."

Mzee wa Mpunguzi
Utani upo tangu enzi za babu zetu. Mtoto akomae, mnawadekeza mno.

Chaki Nyeupe
Mzee wangu, shikamoo. Utani una kujibizana, leo wewe kesho mimi. Darasa zima kumwelekea mtoto mmoja kila siku, naye hana wa kumjibia, huo ni uonevu. Ripoti ya UNESCO ya 2019 inasema karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja, na sababu inayotajwa zaidi ni mwonekano wa mwili. Ila mama, meno ni kisingizio. Anayechaguliwa ni mgeni asiye na rafiki. Huko Morogoro atakuwa mgeni tena, na meno ni yale yale.

Wanaolitia nguvu jina hilo ni wanaocheka. Mwombe mwalimu wa darasa abadilishe viti, amkalishe na watoto wawili wanaoheshimika, ampe na kazi inayoonekana, mfano kugawa madaftari. Wewe weka daftari: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yale yale, nani alikuwepo. Angalia hasa bombani, vyooni, foleni ya uji na njia ya kurudi. Kisha barua kwa mwalimu mkuu, nakala mbili, yako igongwe muhuri. Wakinyamaza, nenda kamati ya shule, halafu Afisa Elimu Kata.

Karani
Uhamisho: shule inayompokea ithibitishe nafasi, uandike barua kwa mwalimu mkuu, halafu namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, ihamishwe kwenye mfumo. Usimwondoe kabla ya hapo, atakuja kusumbuka usajili wa darasa la saba.

Zabibu Chungu
Mbona hamuulizi? Soda na karanga kila siku, hela anapata wapi?

Mama wa Nzuguni
Nampa 500. Labda na marafiki.

Zabibu Chungu
Marafiki gani, na umesema wote wanamcheka? Dada, sema yote usaidiwe.

Mama wa Nzuguni
Sawa. Kuna wadogo wa darasa la tatu anawachukulia hela pale bombani. Mwalimu aliniita wiki iliyopita. Lakini mwanangu si mwizi, wao ndio wamemharibu. Na bweni nimeshalipa 400,000 ya kuanzia, ndiyo maana nauliza uhamisho.

Mpita Njia
Hii chai. Asubuhi alikuwa anaonewa, jioni amekuwa mnyang'anyi. Kila akibanwa anaongeza kipande.

Chaki Nyeupe
Hata kama ni chai nitajibu, kuna mzazi anasoma kimya. Mtoto wa namna hii yupo: anaonewa na wakubwa, anageukia wadogo. Huyu mara nyingi ndiye anayeumia kuliko wote, sononi na utoro humwandama, kwa sababu hakuna anayemwonea huruma.

Mama, usimpige, na usikubali aadhibiwe mstarini mbele ya shule. Aibu ya hadharani ataenda kuilipiza kwa wale wale wadogo. Viboko vina kanuni: havizidi 4, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hesabuni hela, airudishe mwenyewe kwa mtoto mmoja mmoja mbele ya mwalimu wa malezi. Kila mdogo aulizwe kwanza, peke yake, kama yuko tayari kukutana naye. Asiyetaka, mwalimu ampelekee.

Bweni kwa sasa hapana. Usiku walimu hawapo muda wote, na njuka wadogo watakuwa hatua mbili kutoka kitandani kwake. Ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mama wa Nzuguni
Nimekaa naye. Anasema ni watoto watano, anakumbuka 4,200. Mmoja hamjui jina, anamjua kwa sweta iliyochanika kiwiko. Baba yake anarudi Jumapili, sijamwambia, mkono wake mwepesi. Nianze na nani?

Chaki Nyeupe
Mwalimu wa malezi, kesho asubuhi kabla ya kengele. Huyo wa sweta muanze naye.