Mafunzo ya mtoto wa mbwa: dagaa, maini, yai au biskuti?

Bangwe_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Nina mtoto wa mbwa, dume, wa kienyeji kabisa, anakaribia miezi mitatu. Nataka aje akiitwa, akae akiambiwa, na aache kung'ata watoto miguu. Mikono mitupu haisikilizi. Hapa Kigoma chakula cha mbwa cha pakiti ni cha kutafuta na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo nalinganisha vya sokoni: dagaa, maini, yai la kuchemsha au biskuti za watoto. Nyie mnatumia nini?

Mama_Kibirizi:
Mwanangu, unakaa Kigoma halafu unauliza? Dagaa. Ila si dagaa yeyote. Walioanikwa chini wana mchanga hata uwapepete vipi, nao mchanga unamvuruga tumbo. Chukua wa chanja, walioanikwa juu ya kichanja. Shika mmoja umvunje: aliyekauka vizuri anakatika kwa mlio. Akipinda, huyo bado ana maji, hakawii kuota ukungu. Muonje pia, akiwa na chumvi achana naye. Nyumbani natoa vichwa, nasuuza kwa maji ya moto, nawageuza kidogo kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Dagaa mmoja anatoa vipande vitatu. Hapo humlishi ashibe, unamwambia tu kwamba amepatia.

Cheyo_Tabora:
Shikamoo mama. Huko kwenu sawa, huku Tabora dagaa wanashuka kwenye treni wameshazeeka 😄

Mimi ni maini ya ng'ombe. Chemsha yaive mpaka ndani, kata vipande vya ukubwa wa punje ya harage, kisha yaweke moto mdogo mpaka nje yakauke. Unatia mfukoni na suruali haichafuki. Harufu yake inamtoa mbwa hata kwenye kuku wa jirani.

Mabichi usithubutu. Maini na mapafu ya machinjioni yanaweza kuwa na vifuko vya minyoo tegu. Mbwa akila, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na anayekuja kuugua ni mtoto wako anayecheza naye. Kwa binadamu uvimbe huota kwenye ini au mapafu na hukua polepole kwa miaka. Kuna watu wanawatupia mbwa mabaki ya buchani kila siku na wanaona wamewafanyia wema. Halafu maini yana vitamini A nyingi mno, yawe ya kuzawadia, yasiwe mlo.

Fundi_Gungu:
Yai la kuchemsha. Kila duka lipo, halina mfupa. Kiini kinavurugika mkononi, kwa hiyo mbwa anapata sehemu nyeupe, kiini nakula mwenyewe.

Bangwe_Juu:
Na biskuti? Watoto wanampa kila wakizipata, na anazipenda kweli.

Mifugo_Mwanga:
Hata watoto wanazipenda, kijana. Ziache, ni sukari na mafuta. Cha kuogopa zaidi ni vitu vilivyoandikwa "havina sukari", hasa jojo na peremende: vikiwa na zailitoli (kitia utamu badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa, sukari ya damu inashuka ghafla na anaweza kufa. Chokoleti na zabibu kavu pia hapana. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni vibaya kwake, kwa hiyo hao dagaa wa mama wawe wakavu, si mabaki ya sufuria yaliyoungwa. Karanga zenye ukungu usimpe, zina sumukuvu.

Vya mafunzo vyote visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Ukimfundisha sana, punguza ugali. Na kwa kuwa anafikisha miezi mitatu, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, uulize na dawa ya minyoo.

Ujiji_Mwembeni:
Mbona vya bure mmevisahau? Wangu anafanya kazi kwa embe (kokwa natoa) na kiazi kitamu cha kuchemsha.

Cheyo_Tabora:
Ndani ya ua sawa. Mtoe barabarani, bodaboda zinapita na mbwa wengine wanabweka, uone kama atageuka kwa kiazi. Bangwe, usichague kimoja. Uani tumia dagaa au hilo embe, maini yafiche kwa ajili ya kumwita nje peke yake. Ukiyatoa kila saa yanakuwa ya kawaida.

Bangwe_Juu:
Nimekupata mkuu. Kesho napita Kibirizi. Mama, hao wa chanja wanapatikana?

Mama_Kibirizi:
Wapo wachache na bei imepanda. Mwezi mpevu sasa, taa za wavuvi hazivuti dagaa. Anza na mayai ya Fundi, giza la mwezi likiingia uje.