Mjadala: mtu hana dalili yoyote, kuna haja ya kupigwa skani mwili mzima?

Mleta mada

Wakuu heshima kwenu. Naleta hili tulijadili kwa utulivu maana naona linakua kila siku na watu wanaingia bila kuuliza. Matangazo yamejaa, piga MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani) ya mwili mzima, piga utrasaundi ya shingo, vaa saa inayosoma mapigo ya moyo, halafu AI, yaani akili mnemba ya kompyuta, ikwambie ugonjwa kabla hujaanza kuumwa. Na neno ni lilelile, gundua mapema uokoe maisha. Mimi hapo nabisha. Vifaa vyenyewe ni vizuri mno, ninachobisha ni kuvielekeza kwa kila mtu mzima wa afya, kana kwamba ukishaona kitu basi umeshamponya mtu.

Angalieni Korea Kusini. Kule serikali ilianza mpango wa taifa wa kupima kansa mwaka 1999. Kansa ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, haikuwemo kwenye mpango, ila hospitali zikawa zinaongezea utrasaundi ya shingo kwa hela kidogo tu na watu wakakubali, kipimo chenyewe hakiumi, nani akatae. Kufika 2011 kansa hiyo ilikuwa inagunduliwa mara 15 zaidi ya 1993. Mara 15! Sasa kama kule kugundua kungekuwa kunaokoa, vifo vingeshuka, lakini wapi, vilibaki palepale. Maana yake wengi walikuwa na kauvimbe kadogo ambako wangezeeka nako na kufa kwa jambo lingine kabisa bila hata kujua kapo. Na karibu wote walipasuliwa, wengi wao wanameza homoni kila siku maisha yao yote, wengine sauti zimeharibika kwa sababu neva ya koo iliguswa wakati wa upasuaji. Ilibidi 2014 madaktari wa hukohuko wajitokeze hadharani kusema imetosha, na upasuaji ukashuka sana muda mfupi tu baadaye.

Kwahiyo swali ni hili, tuwapime wazima wote kwa mashine za picha au tuzipeleke kwa wenye dalili na walio kwenye hatari? Karibuni.

Nuru ya Asubuhi

Kaka na heshima zote hapa sikubaliani na wewe, na nasema kwa uchungu maana limenigusa mwenyewe. Uvimbe wangu wa titi haukusikika kwa mkono, siyo wangu siyo wa daktari, ulionekana kwenye mamogramu ya dijitali, yaani eksirei ya matiti, vidoa vidogo vyeupe vya chokaa vimejikusanya sehemu moja kama mchanga uliomwagika. Sikuwa na maumivu wala dalili yoyote, yaani kwa hesabu yako mimi ni yule mtu mzima wa afya asiyetakiwa kupimwa. Halafu hii ya dijitali siyo mbwembwe, kuna utafiti wa Marekani wa 2005, karibu wanawake elfu 50, ulionyesha kwa wenye umri chini ya miaka 50 na wenye tishu nzito za matiti kama mimi picha ya dijitali inaona vizuri kuliko ya filamu. Mtu akisoma ulivyoandika atasema basi hata mamogramu niliyopangiwa naahirisha. Umelifikiria hilo?

Mleta mada

Dada pole sana na hongera kwa kupona, na ni vizuri umelisema ili mtu asinielewe vibaya. MAMOGRAMU ULIYOPANGIWA NENDA. Hiyo imejaribiwa kwa miaka mingi kwa makundi makubwa ya wanawake, ikajulikana ianze umri gani na irudiwe baada ya muda gani. Hata kuisaidia kwa AI kunajaribiwa kwa njia hiyohiyo, Sweden wamelinganisha kwa wanawake zaidi ya 80,000, matokeo ya kwanza yalitoka 2023, kansa zilizopatikana hazikupungua na kazi ya madaktari kusoma picha ilishuka kwa asilimia 44. Hapo mimi sina neno.

Ninachopinga ni kipimo ambacho hakijapitia njia hiyo. Tupige hesabu kidogo. Chukua watu 10,000 wazima, ugonjwa upo kwa mmoja kati ya 1,000, kwahiyo wagonjwa ni 10. Mashine ni nzuri, inanasa 9 kati ya hao 10, na kwa wasio wagonjwa inakosea watu 5 tu katika kila 100. Inaonekana ni kitu safi, si ndiyo? Sasa 5 katika kila 100 ya hao 9,990 ni kama watu 500. Watu 500 wanaambiwa kuna kitu tumeona, wanarudi nyumbani hawalali, wanapigwa siti skani, yaani eksirei ya kompyuta yenye mionzi, wengine wanachomwa sindano kutolewa kinyama cha kupima, ili kuwapata wale 9. Ugonjwa ukiwa mwingi zaidi kwenye kundi unalopima, hesabu inabadilika kabisa, ndiyo maana nang'ang'ania walio kwenye hatari.

Mpiga picha wa kifua

Naomba niingie maana hii ndiyo kazi yangu, nasimamia mashine na nakaa na madaktari wanaosoma. Wengi mnaongelea "kuona" kama vile ni kuona tu. Ngoja niwaambie inavyokuwa. Kwenye skrini kuna kadoa kwenye pafu, unakivuta kishale kutoka ukingo huu mpaka ule, inasoma milimita 4. Mwenzako anakaa kiti hichohicho anavuta anapata 5, na wote mko sahihi maana ukingo wenyewe una ukungu. Mtu asiyejua ataona ni milimita moja tu, lakini kadoa ni duara kama gololi, kipenyo kikitoka 4 kwenda 5 ujazo unakaribia kuwa mara mbili. Kwahiyo ukilinganisha picha ya mwaka jana na ya leo unaweza kumwambia mtu uvimbe umekua kumbe ni mikono miwili tofauti imevuta kishale.

Hapa ndipo nampinga mleta mada kidogo, maana dawa ya tatizo hili imekuwa ni teknolojia zaidi. Marekani mwaka 2011 walitoa matokeo ya wavutaji sigara wa muda mrefu zaidi ya 53,000, miaka 55 mpaka 74, waliopigwa siti skani ya mionzi midogo vifo vya kansa ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei. Safi. Lakini katika majibu yaliyosema kuna kitu, karibu 96 katika kila 100 yalikuwa ya uongo, haikuwa kansa. Sasa Uholanzi na Ubelgiji wakaja na njia nyingine, programu ya kompyuta inapima ujazo wa kadoa zima badala ya kipenyo, wenye mashaka wanarudishwa baada ya muda mfupi kuangaliwa kama kamekua na kwa kasi gani. Matokeo ya 2020, kwa wanaume vifo vya kansa ya mapafu vilipungua kwa asilimia 24 ndani ya miaka 10, na vipimo vilivyoishia kumtia mtu kwenye uchunguzi zaidi vilikuwa asilimia 2 hivi tu. Kwahiyo tukipima vizuri zaidi, wanaotishwa bure wanapungua. Ila mjue wote hao walikuwa wavutaji au waliowahi kuvuta sana, hapo nipo na mleta mada.

Swali gumu

Mnaongea asilimia tu hamjauliza mashine imefundishwa kwa mwili wa nani. Kile kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na 2020 ilitoka tafiti ya Marekani inaonyesha kuna wagonjwa kibano kinasoma 92 mpaka 96, watu wanatulia, kumbe damu yenyewe ikipimwa oksijeni iko chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi ilitokea karibu asilimia 12, kwa weupe chini ya 4. Hicho ni kifaa kipo kila wodi duniani na kimetumika miongo mingi! Sasa AI ya kusoma picha za ngozi je? Kuna watafiti walikuta programu yao inaelekea kusema kansa kila ikiona rula pembeni ya kidonda, kwa sababu madaktari huweka rula wanapopiga picha vidonda vinavyowatia wasiwasi. Ilijifunza rula badala ya ngozi. Mimi kabla sijaamini nataka kujua kwanza ilijaribiwa kwa watu wenye ngozi kama yangu au la.

Mganga wa zamu

Hoja za huyu aliyenitangulia ni nzito sana ila tusifike mahali pa kuikataa yote. Kifua kikuu je? Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilikubali programu ya kompyuta isome eksirei ya kifua badala ya mtu, kwa wenye miaka 15 na kuendelea, kwa ajili ya kuwachuja wa kupelekwa kupimwa makohozi. Sehemu isiyo na daktari wa radiolojia hata mmoja hii ni kubwa mno. Na ni tofauti na skani ya tajiri mzima wa afya, maana TB ukiipata mapema unatibu, dawa zipo, na unamkinga na mwenzake anayelala chumba kimoja naye. Kama ungekuwa na mashine moja ungeipeleka wapi?

Mleta mada

Ningeipeleka kwenye TB bila kufikiri mara mbili. Na mpiga picha wa kifua nimekuelewa, kwenye upimaji wa ujazo umenisogeza, sikuwa nimeliweka hivyo. Bado kwenye saa na vifaa vya mapigo nimekaza. 2021 Denmark walichapisha utafiti wa wazee zaidi ya 6,000 wenye hatari ya kiharusi, wengine waliwekewa kifaa chini ya ngozi kinachorekodi moyo muda wote. Moyo unaodunda ovyo, ambao huweza kuleta kiharusi, uligunduliwa mara tatu zaidi, waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda wakaongezeka, ila kiharusi hakikupungua kwa kiwango cha kuthibitisha kuwa kifaa kimesaidia. Na hao walikuwa kwenye hatari tayari! Sasa kijana wa miaka 25 saa ikimpigia kengele usiku tunamwambia nini?

Nuru ya Asubuhi

Mwambie aende akapigwe ECG ya kawaida, kile kipimo cha umeme wa moyo, ajue moja. Kaka mimi hoja yako ya makundi ya hatari naikubali nusu, nusu nyingine inanikwaza kwa sababu hatari nyingine mtu hajui kama anayo. Kwetu hakuna aliyewahi kusema bibi alikufa na nini, hakuna rekodi. Sasa mtu wa namna hiyo unamweka kundi gani? Hilo hamjanijibu.