Landrova Series III: Zenith itengenezwe, au nifunge Weber?

Mwenye Landrova, Mbeya

Wakuu, habari za kazi. Ninayo Landrova Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya cc 2,286, ambayo bado ina kabureta yake (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Zenith 36 IV. Kwa miaka mingi ilikuwa Tanga na haikunisumbua. Tangu niipandishe Mbeya inatoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi kila wiki, na sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka kana kwamba kuna mtu anachezea kanyagio. Fundi wa kwanza aliisafisha kabureta na kukaza skurubu zake zote kwa nguvu, lakini hali ikazidi kuwa mbaya, kwani sasa hata nikizungusha skurubu ya mchanganyiko hadi mwisho, injini haionyeshi badiliko lolote. Mmoja ananishauri ninunue kabureta ya aina nyingine, Weber 34 ICH, mwingine Weber 32/36 yenye midomo miwili. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha.

Mzee wa Gereji

Ndugu, zuia fedha zako kwanza. Skurubu ya mchanganyiko kukosa athari ni dalili kubwa kuliko moshi wenyewe, kwa sababu inaonyesha kwamba injini inapata petroli kwa njia isiyopita kwenye skurubu hiyo. Ugonjwa huu wa Zenith 36 IV ni wa zamani: sehemu ya juu ya kabureta ni ya aloi laini, na ikikazwa kupita kiasi hupinda, kisha ile ringi ya mpira iliyo kati yake na sehemu ya chini haibani tena, hivyo mvuto wa injini hunyonya petroli pembeni yake. Ifungue, uweke rula ya chuma kwenye uso wa kifuniko na kuielekeza kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, tandika msasa laini juu ya kioo kinene na usugue uso huo polepole, kwa mizunguko, hadi ulingane kote, kisha pulizia hewa kwenye vijia vyote na ufunge kwa ringi na gasketi mpya. Skurubu uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, si kwa nguvu za kufungulia tairi.

Hakikisha pia kwamba choki (ya kuwashia injini ikiwa baridi) inarudi yote, sindano ya boya inayozuia petroli kuingia kwenye kabureta inaziba vizuri, na tepeti za vali zina nafasi ya milimita 0.25.

Dereva wa Nyanda za Juu

Nakubaliana na Mzee, ila mwinuko nao usisahauliwe. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina uzito wa karibu asilimia 85 ya ile ya Tanga. Kabureta haitambui badiliko hilo kikamilifu, kwa hiyo mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 8 hivi. Kiasi hicho huongeza ulaji wa mafuta na kupunguza nguvu, lakini peke yake hakiwezi kujaza plagi masizi kwa wiki moja. Rekebisha kifuniko kwanza, jeti (kitundu kinachopima petroli) baadaye. Kwa mfano, kwenye Weber, ambako namba ya jeti ni kipenyo chake kwa mia za milimita, kushuka kutoka 125 hadi 120 hupunguza eneo la tundu kwa karibu asilimia 8.

Mtumiaji wa Weber

Mimi nilifunga 34 ICH. Ni rahisi kuitunza na mafuta yamepungua, lakini kwenye mlima, nikiwa na mzigo, gari halivuti kama zamani. Hiyo ya midomo miwili inahitaji adapta na jeti zilizochaguliwa upya; ukiifunga jinsi ilivyotoka dukani, utakuwa umenunua tatizo la pili.

Mwenye Landrova, Mbeya

Nashukuru sana. Nimefungua: rula imeonyesha mwanga katikati, na ringi ilikuwa imekatika. Baada ya kusugua na kubadilisha ringi, skurubu imeanza kufanya kazi na sailensi imetulia. Nianzie wapi kuitegesha?

Mzee wa Gereji

Injini ipate moto kamili, choki iwe imerudishwa. Funga skurubu ya mchanganyiko taratibu hadi iguse, bila kuikaza, kisha uirudishe mzunguko mmoja na nusu. Unganisha geji ya mvuto kwenye manifodi (bomba linaloingiza mchanganyiko kwenye injini), uizungushe skurubu robo robo hadi geji ifike juu kabisa, ndipo upunguze mwendo wa sailensi na urudie tena. Usitafute inchi 18 au 20 za zebaki zilizoandikwa vitabuni, kwani hizo ni za pwani. Toa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo kwako 12 hadi 14 yenye mshale uliotulia inatosha. Endesha siku mbili kisha uchomoe plagi. Zikiwa bado nyeusi ilhali sailensi ni nzuri, hapo ndipo ushuke saizi moja ya jeti kuu, na ile ya zamani uihifadhi kwa siku utakayoteremka Tanga.